Jinsi ya Kuchambua Anguko la Shujaa wa Tanzia: Kiburi, Tamaa ya Ukuu na Nafasi ya Kurudi

Insha nyingi kuhusu tanzia, yaani tamthilia inayoishia kwa anguko la shujaa, hufia kwenye sentensi ya kwanza. "Macbeth alianguka kwa sababu ya tamaa." Ni kweli, na kwa kuwa ni kweli mwandishi hudhani kazi imekwisha, kinachofuata ni kurasa mbili za kusimulia hadithi upya. Mtahini anaijua hadithi. Anachotaka kuonyeshwa ni jinsi tamaa hiyo ilivyofanya kazi: ilianzia wapi, nani aliipinga, mhusika alijiambia nini ili aipe nafasi, na ni lini angeweza kurudi nyuma akakataa.

Mwongozo huu umejengwa juu ya huko kukataa. Dosari ya shujaa huthibitishwa na uamuzi wake, hata kama sisi tumeshambandika sifa mbaya kumi. Mtu anaweza kuwa na kiburi maisha yake yote na bado akafa kitandani, mzee, kazungukwa na wajukuu. Tanzia huanza pale mlango wa kutokea unapokuwa wazi, shujaa anauona, pengine wenzake wanamwonyesha kwa kidole, naye anaupita.

Mifano nitaitoa kwenye tamthilia chache zinazojulikana. Macbeth ndiyo nitakayoirudia zaidi: ndiyo fupi kuliko tanzia zote za Shakespeare, na mtu anaweza kuimaliza jioni moja.

Hatua ya 1: Soma mara mbili

Mara ya kwanza soma kama mtazamaji aliyekaa ukumbini, bila kalamu. Ukipata mwenzako msome kwa sauti, kwa kuwa tamthilia huandikwa isikike, na kiburi aghalabu husikika kwenye sauti kabla hakijaonekana kwenye maana.

Mara ya pili shika kalamu, uweke alama sehemu za aina tatu tu: pale wengine wanapomsifu au kumwonya shujaa, pale anapobaki peke yake akazungumza, na pale anapotoa amri. Ukianza kupigia mstari kila maneno matamu, kitabu kitajaa wino na hutaona kitu.

Hatua ya 2: Pima alikuwa juu kiasi gani

Aristotle, aliyeandika juu ya tanzia katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alisema mhusika anayetutia huruma na hofu si mtakatifu wala si mwovu wa kupindukia. Ni mtu mwenye heshima na bahati njema, anayeporomoka kwa kosa fulani. Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia anguko, onyesha kimo.

Watunzi hukurahisishia kazi hii kwa kumtanguliza shujaa midomoni mwa watu kabla hajaingia jukwaani. Katika onyesho la pili la Macbeth, askari aliyejeruhiwa anamsimulia Mfalme Duncan jinsi Macbeth alivyopasua safu za maadui mpaka akakutana na mwasi, akamchana kutoka kitovuni hadi tayani bila kumpa mkono wala kumuaga. Mfalme anafurahi. Soma tena sifa hiyo ukijua yanayokuja. Anayesifiwa kwa kukata bila kusita ndiye atakayeingia na jambia chumbani mwa mgeni wake aliyelala. Ujuzi ni uleule, uliobadilika ni mlengwa.

Hilo ndilo la kulitafuta: nguvu na dosari zinazotoka chungu kimoja. Oedipus, mfalme katika mchezo wa Mgiriki Sophocles, aliwaokoa watu wa mji wa Thebes kwa kutegua kitendawili cha zimwi Sphinx, na watu wanamkimbilia tena tauni inapoingia kwa sababu yeye ndiye mtu wa majibu. Imani hiyohiyo, kwamba hakuna fumbo lisiloteguka mbele yake, ndiyo inayomfanya asiache kuuliza hata anapoombwa aache. Coriolanus, jemadari wa Kirumi katika mchezo mwingine wa Shakespeare, alipata jina lake kwa kupigana peke yake ndani ya malango ya mji wa Corioli yaliyofungwa nyuma yake. Mtu wa namna hiyo utamweka wapi mjini kwake wakati wa amani?

Andika sentensi moja kwenye daftari lako: "Kinachomfanya apendwe ni hiki, na hikihiki kitamfanya..." Ikikushinda kuimalizia, hujamfahamu mhusika bado. Rudi ukamsome.

Hatua ya 3: Tenganisha kiburi na tamaa ya ukuu

Viwili hivi hutajwa pamoja kama pacha, na uchambuzi mwingi huharibikia hapo. Kiburi hulinda; tamaa hufukuzia. Mwenye kiburi anaamini ameshafika juu, na kinachomchoma ni watu kutolitambua hilo. Mwenye tamaa ya ukuu macho yake yako kwenye kiti asichokikalia.

Kuna jaribio rahisi: tazama kinachotokea shujaa anapopewa anachokitaka.

Coriolanus anapelekewa nafasi ya ukonsuli, cheo cha juu kabisa Roma, karibu mikononi. Sharti ni moja, avae vazi la unyenyekevu, asimame sokoni na kuwaomba raia kura zao, na desturi inamtaka awaonyeshe makovu yake ya vita. Cheo chenyewe mama yake anakitaka kuliko yeye. Kinachomshinda ni kuomba. Wanapomfukuza Roma anawajibu kwamba yeye ndiye anayewafukuza wao. Hata mwisho wake umo kwenye mstari huo: akiwa kwa Wavolsci, maadui wa Roma aliowakimbilia, jemadari wao Aufidius anamwita mtoto anayelialia, naye anapandwa na hasira, anajitapa kwamba ni yeye, peke yake, aliyewatimua huko Corioli. Anawaambia hayo watu ambao ndugu zao aliwaua huko. Wanamuua papo hapo. Neno moja la dharau lilitosha. Hicho ni kiburi kisichochanganywa na kitu.

Macbeth ni mtu mwingine kabisa. Wachawi wanamtabiria cheo cha bwana wa Cawdor na papo hapo anakipata. Anatabiriwa ufalme na anaupata. Kisha, akiwa na taji kichwani, anasema kuwa mfalme si kitu kama huna usalama. Tamaa iliyofika haikupumzika, iligeuka woga, na kuanzia hapo kila anayemuua anamuua kwa kuogopa. Mwanafunzi anayesema Macbeth "anaua kwa tamaa" tangu mwanzo hadi mwisho amekosa nusu ya mchezo.

Wapo waliobeba vyote viwili. Faustus, msomi katika mchezo wa Marlowe, anaanza kwa kuzitupilia mbali falsafa, tiba, sheria na elimu ya dini, moja baada ya nyingine, kwamba hazimtoshi. Kwenye dini anasoma kwamba mshahara wa dhambi ni mauti, na anaiacha Biblia kabla ya nusu ya pili ya aya ileile inayotaja uzima wa milele. Anauza roho yake kwa miaka 24 ya uwezo wote. Na uwezo huo anaufanyia nini? Aliyeota kuitawala dunia anaishia kumchezea Papa mizaha na kumletea mke wa mtawala mmoja zabibu wakati wa baridi kali. Kwangu mimi kusinyaa huku kunatisha kuliko mashetani wa mwisho wa mchezo, na ni ajabu jinsi insha nyingi zinavyokuruka.

Hatua ya 4: Orodhesha nafasi za kurudi

Hii ndiyo hatua itakayokula muda wako, na inastahili. Pitia tamthilia ukiandika kila mahali ambapo shujaa angeweza kuacha. Kwa kila mahali jiulize: nani anamwonya, anajibu nini, anatoa sababu gani, na kuacha hapo kungemgharimu kiasi gani.

Tuchukue Macbeth. Anapoambiwa tu kwamba amekuwa bwana wa Cawdor, anajisemea kwamba kama bahati inamtaka awe mfalme, basi bahati na imvishe taji bila yeye kunyanyua mkono. Mlango wa kwanza huo, na kutokea hapo kungemgharimu sifuri. Onyesho linalofuata Duncan anamtangaza mwanawe Malcolm kuwa mrithi. Sasa ni wazi bahati haitafanya kazi hiyo, na Macbeth anaziomba nyota zifiche mwanga wao zisione anachokitamani. Hajatenda lolote, ila ameshaanza kuficha.

Kisha sehemu ya kwanza, onyesho la saba. Kama utasoma onyesho moja tu kwa makini, liwe hili. Macbeth anaondoka mezani wakati mfalme anakula, anabaki peke yake na kuhesabu sababu za kutomuua: ni ndugu yake, ni mfalme wake, ni mgeni wake ambaye angepaswa kufungiwa mlango dhidi ya muuaji, tena ni mfalme mpole. Anakiri kwamba hana kinachomsukuma isipokuwa tamaa inayoruka hadi ikajivuka. Mkewe anapoingia, anamwambia wazi kwamba hawataendelea na jambo hili.

Hapo tamaa imeshindwa. Imeshindwa kwa hoja, na aliyeishinda ni yeye mwenyewe. Mistari michache baadaye amekubali kuua. Kilichotokea katikati ni nini? Lady Macbeth hamwahidi taji kubwa zaidi wala hamkumbushi wachawi. Anamwambia kwamba si mwanamume. Alipothubutu kulitamka jambo hilo ndipo alipokuwa mwanamume, na sasa ni mwoga. Yaani tamaa ilikuwa imekwisha kufa, na kiburi ndicho kilichoifufua. Ndiyo maana nilisisitiza hatua ya tatu. Asiyetenganisha viwili hivi huliona onyesho hili kama mke mwovu anamshinda mume dhaifu, na basi.

Baada ya karamu ambayo mzimu wa Banquo, mwenzake wa vitani aliyeamuru auawe, unamtokea, anasema ameingia kwenye damu kiasi kwamba kurudi kunachosha sawa na kuvuka. Angalia vizuri: hasemi kurudi hakuwezekani, anasema kunachosha. Bado anajua njia ipo.

Katika Juliasi Kaizari, mchezo wa Shakespeare ambao Julius Nyerere aliutafsiri na ukachapishwa 1963, wasomaji wengi humtazama Kaizari na kiburi chake. Mimi ningekushauri umfuate Brutus, anayekula njama na Cassius kumuua Kaizari. Cassius anataka Antony, rafiki wa Kaizari, auawe pamoja na Kaizari, Brutus anakataa. Cassius hataki Antony ahutubie mazishini, Brutus anaruhusu. Cassius anasema wamsubiri adui aje achoke njiani, Brutus anaamua waende Philippi. Mara tatu mwenzake anamwonya, mara tatu ana haki mwenzake, na kila mara Brutus anajibu kwa sauti ya mtu anayejua yeye ni mwema. Kiburi cha wema ni kigumu kukiona kuliko cha mabavu, na ukikiona insha yako imepanda daraja.

Mfano wa mwisho unatoka katika Antigone, mchezo mwingine wa Sophocles. Mfalme Creon amekataza maiti ya Polynices isizikwe na amemfungia dada wa marehemu, Antigone, pangoni kwa kuizika. Mwanawe Haemon, mchumba wa Antigone, anamsihi, Creon anamfokea. Mtabiri Tiresias anamwonya, Creon anamshutumu kwamba amehongwa. Hatimaye anaogopa na kukubali, na wazee wanampa mpango wenye utaratibu wake: mtoe msichana kwanza, kisha mjengee marehemu kaburi. Creon anafuata ushauri huo kinyumenyume. Anaanza na maiti, na akifika pangoni Antigone ameshajinyonga. Haemon anajiua mbele yake, kisha mkewe Eurydice naye anajiua nyumbani. Mtu anaweza kutubu na bado akachelewa. Sophocles ameuweka ucheleweshaji huo kwenye mpangilio wa kazi mbili, na mtahini atafurahi ukiliona hilo.

Hatua ya 5: Wagawie wengine sehemu yao

Wachawi, miungu, wake, maadui: wapo, na kuwapuuza ni kosa sawa na kuwabebesha kila kitu. Njia nzuri ya kupima ni kumtafuta mhusika aliyepata kishawishi kilekile akafanya vingine. Banquo alisimama mahali pamoja na Macbeth, akasikia midomo ileile ikimwahidi kwamba uzao wake utatawala. Hakumuua mtu. Wachawi walitaja ufalme tu. Wazo la kuua lilikuja kutoka kwa aliyesikia.

Hapa pia ndipo pa kujiuliza kama kweli ni kiburi au tamaa. Aristotle hakuweka kiburi kuwa sharti la tanzia, alizungumzia kosa. Oedipus alikuwa ameshamuua baba yake na kumwoa mama yake kabla mchezo haujafunguliwa, tena baada ya kuihama Corinth kwa kuogopa yasimpate hayohayo. Kiburi chake kipo kwenye kumtuhumu Tiresias na Creon kwamba wanakula njama, na kwenye kudhani mkewe Jocasta anamzuia asiulize kwa kuona haya ya nasaba duni. Lakini anachokitafuta ni ukweli wa kuokoa mji. Ukisema "kiburi kilimfanya amuue baba yake" lazima uwe na kisa cha njia panda, mahali alipomuulia, mkononi, na hata hapo uwe mwangalifu.

Kinjeketile wa Ebrahim Hussein, katika tamthilia ya 1969 iliyojengwa juu ya vita vya Maji Maji, ni mfano mwingine wa kukufunga breki. Neno alilolizaa linakua kuliko yeye, wanawe wa vita wanalibeba hata anapotaka wasubiri. Mwishoni anakataa kutangaza kwamba maji yalikuwa uongo, kwa sababu ya vizazi vitakavyokuja. Ukimbandika "tamaa ya ukuu" utaulazimisha mchezo useme usichosema.

Hatua ya 6: Sikiliza lugha inavyobadilika

Linganisha uzungumzi nafsia, yaani mhusika anapojisemea peke yake, wa mwanzo na wa mwisho. Macbeth wa mwanzo anauliza maswali: je, hili ni jambia ninaloliona? Baada ya kuwa mfalme anatoa amri, na mipango ya kumuua Banquo anamficha mkewe aliyekuwa mshirika wake. Tafuta pia kinaya. Kaizari anajilinganisha na nyota ya kaskazini isiyohama dakika chache kabla visu havijamfikia. Mifano miwili au mitatu ya namna hii inatosha, mradi uieleze.

Hatua ya 7: Uliza alijifunza nini, na lini

Kugeuka kwa bahati bila utambuzi ni ajali tu. Macbeth anatambua mapema kuliko watu wanavyodhani: kabla ya vita vya mwisho anasema kwamba yale yanayopaswa kufuatana na uzee, heshima, upendo, utii, marafiki wengi, yeye asiyatarajie. Hotuba yake maarufu baada ya kifo cha mkewe, kwamba maisha ni kisa kilichosimuliwa na mpumbavu, husifiwa kama hekima. Nina shaka nayo. Naona mtu aliyeyaharibu maisha yake sasa anayahukumu maisha yote kuwa hayana maana, na huenda hicho ndicho kiburi chake cha mwisho. Unaweza kunipinga; onyesho hilo linabeba usomaji zaidi ya mmoja, na kuutetea mmoja kwa ushahidi ndiyo kazi yenyewe.

Hatua ya 8: Andika

Anza na dai linaloweza kubishiwa. Dai dhaifu: "Tamaa ilimwangusha Macbeth." Dai lenye nguvu: "Macbeth aliishinda tamaa yake kwa hoja, ila hakuweza kuvumilia kuitwa mwoga, na ndiyo maana alimuua Duncan."

Aya nayo iwe na tukio, maneno ya mhusika, na maelezo marefu kuliko vyote viwili. Kwa mfano:

"Creon anapokubali hatimaye kumwachia Antigone, wazee wanamshauri aanze na aliye hai. Yeye anaanza na maiti. Huenda ni woga wa miungu aliyoikosea, lakini mpangilio huo unaonyesha pia kwamba hata katika kutubu Creon anaishughulikia kwanza amri yake mwenyewe, ile ya kutozika, na kumweka nyuma mtu aliyeumizwa na amri hiyo. Kuchelewa kwake pangoni si bahati mbaya. Ni tabia yake ileile, sasa ikitembea kwa haraka."

Epuka kufunga aya kwa methali. "Mpanda ngazi hushuka" inamfaa kila mtu aliyewahi kupanda ngazi, na haisemi chochote juu ya ngazi hii. Usimtumie pia mhusika kama mfano wa wanasiasa wa leo, isipokuwa swali limekutaka.

Kwenye chumba cha mtihani hutapata muda wa hatua zote. Chagua maonyesho mawili, moja la nafasi ya kurudi na moja la utambuzi, uyachimbe. Ukimaliza, jaribu kufuta jina la shujaa katika kila aya na kuweka jina la mwingine. Aya inayomkubali Coriolanus bila shida mahali ulipoandika Macbeth, iandike upya.